Vizimba vitatu vya Chai na Maziwa

Simbilisi wetu wawili wa kwanza, wale wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia, waliingia Mbeya wakiwa ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu kwa kalamu, mapajani mwa wifi yangu aliyekuwa anatoka Makete. Ilikuwa likizo ya Juni. Mwanangu Lusajo alikuwa darasa la tatu, na tangu Krismasi alikuwa akiomba mnyama wa kwake peke yake, asiye kuku wa mama wala paka wa jirani. Alifungua boksi akakuta mmoja wa kahawia na mwingine mweupe mwenye baka jeusi jichoni, wamejibana kona moja, masikio yanatetemeka. Hata maji sijamkaribisha wifi, majina yalikuwa yameshapatikana: Chai na Maziwa.

"Wote majike," wifi akasema. "Hawatakusumbua. Ila watalala wapi?"

Nikamwonyesha kizimba. Nilikuwa nimekinunua wiki moja kabla.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sokoni Mwanjelwa. Hatua chache kutoka mezani kwangu kuna kijana anayeuza vitu vilivyotumika kutoka Ulaya: pasi, baiskeli za watoto, taa za mezani. Kizimba kilikuwa kimening'inia juu ya baiskeli. Sakafu yake ilikuwa ya plastiki ya waridi, fito zake za waya nyeupe zimesogeleana, ndani kuna gurudumu la kukimbilia, ngazi ndogo, na kighorofa kama sahani. Nikalipa shilingi 40,000. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kisafi, chepesi, na kingekaa juu ya kabati bila kuninyima nafasi. Sababu zote hizo zilinihusu mimi. Hakuna hata moja iliyomhusu atakayelala ndani.

Katika kazi yangu siwezi kugusa mkasi kabla sijampitishia mteja futi kifuani, kiunoni na begani. Akija mtu akasema, "Kata tu, nitaenea," namrudisha akalete nguo yake ya zamani nipime. Kizimba nilikinunua kabla sijawaona wanyama wenyewe.

Usiku ule ule matatizo yakaanza. Siku ya pili nilichukua futi, nikampima Chai kutoka puani hadi matakoni: sentimita 27. Sakafu ya kizimba ilikuwa sentimita 40 kwa 30, na gurudumu limekalia karibu theluthi yake. Mmoja akitaka kugeuka, mwingine alilazimika kulala chini. Gurudumu lenyewe halikuwa na kazi, maana simbilisi hakimbii kwenye gurudumu; mgongo wake haujaumbwa kupinda vile, na mguu unaweza kunasa. Ngazi nayo bure, kwa sababu simbilisi si mpandaji. Maziwa alijaribu mara moja, akateleza, akaanguka chali. Kufikia siku ya nne mkojo ulikuwa umelowesha manyoya ya matumbo yao, na usiku tulisikia wakitafuna waya, krr krr krr, mpaka alfajiri. Chai alianza kumgongea Maziwa meno. Mimi nilidhani ni njaa, nikazidisha majani, na majani yakaongeza unyevu.

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu, binti anayesoma chuo hapa Mbeya, aliyekuja kujaribu sketi nyumbani. Aliinama akasoma kibandiko kilichobaki ubavuni mwa kizimba. "Mama Lusajo, hiki ni cha hamsta kibete," akasema. "Angalia picha." Kwenye picha palikuwa na kiumbe cha kujaa kiganjani, mviringo kama andazi. Akanieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe kwenye simu. Hamsta kibete ana urefu wa sentimita 7 hadi 10 na uzito wa gramu 30 hadi 50. Chai wetu alikuwa na gramu 800 kwenye mizani ya duka la jirani. Asili ya hamsta hao ni nyika kavu za Asia, huko Mongolia, Kazakhstani na Siberia. Huchimba mashimo, hulala mchana, na usiku hukimbia mwendo mrefu kutafuta mbegu. Ndiyo maana fito zile zilikaribiana kwa milimita chache, kwani akipata upenyo wa kidole anatoka. Na ndiyo maana kulikuwa na gurudumu.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba hata hamsta mwenyewe kizimba kile hakikumtosha. Wanaowafuga kwa uangalifu huko Ulaya siku hizi wanashauri sakafu isiyopungua sentimita 100 kwa 50, yenye matandiko ya kina kirefu ili achimbe na kujificha. Kwa hiyo yupo kiumbe mdogo mahali fulani aliyekaa ndani ya kile kizimba cha waridi, akazunguka kwenye gurudumu usiku kucha kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Nilikishusha kutoka kabatini siku hiyo hiyo.

Kizimba cha pili kilikuwa kikubwa. Nilidhani kosa langu lilikuwa ukubwa tu, nikakimbilia upande wa pili. Jirani alikuwa na kizimba cha kuku wa mayai alichotengenezewa na fundi wa kuchomelea: mita 1 kwa sentimita 60, miguu mirefu, na sakafu ya wavu wa waya ili kinyesi kidondoke chini. Aliniuzia kwa bei ya kirafiki. "Hutafagia tena," akaniambia, na kweli sikufagia. Tukakiweka barazani nyuma ya nyumba, chini ya bati, palipo na hewa safi.

Wiki mbili za kwanza nilijipongeza. Wanyama walikimbia, wakaruka ile namna yao ya kurusha miguu yote kwa pamoja, kama bisi kwenye sufuria. Lusajo alikuwa akirudi shuleni anakaa na sare zake mbele ya kizimba mpaka nimwite mara tatu.

Kisha Chai akaanza kuchechemea.

Anayefuga simbilisi amgeuze aangalie nyayo zake. Sungura ana manyoya mazito chini ya mguu, lakini simbilisi ana ngozi tupu, laini, ya waridi kama kiganja cha mtoto. Kila hatua juu ya waya ilikuwa inamkata kidogo kidogo. Nyayo za nyuma za Chai zilikuwa zimevimba, nyekundu, na kwenye mguu wa kushoto palikuwa na kidonda chenye gamba. Nilimshika nikatazama ile nyama, nikakumbuka kwamba jirani yangu alinisifia wavu ule kwa ajili ya wepesi wa kufagia, nami nikaupokea kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mara ya pili nilikuwa nimechagua kwa faida ya mfagiaji.

Nikaweka mbao juu ya wavu, nikamsafisha Chai kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nikaona nimemaliza. Kumbe upande wa Maziwa sikuwa nimeutazama.

Nilikuwa nimesikia kwamba asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Peru na Bolivia, huko juu kwenye baridi, na kwamba watu wa kule wamewafuga maelfu ya miaka. Nikajiambia, basi Mbeya ni kwao. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, wakati mwingine chini sana ya hapo. Upepo unaoshuka kutoka mlima Loleza unapita kila mahali penye upenyo. Kizimba kile kilikuwa upenyo mtupu, mbele, nyuma na chini.

Asubuhi moja Maziwa hakuja kwenye majani. Kwa kawaida ukishika tu mfuko wa nailoni wanapiga filimbi wote wawili, wii wii wii, nyumba nzima inajua. Siku hiyo ilisikika filimbi moja. Maziwa alikuwa amejikunja kwenye kona ya mbao, manyoya yamesimama, puani kuna kamasi, ubavu unapanda na kushuka haraka. Nilikuwa na amoksilini ndani, zilizobaki Lusajo alipougua koo, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye kabati. Nikajizuia nikampigia bwana mifugo wa kata. Alisema kwa sauti ya juu: "Usimpe hiyo, mama! Hiyo na ndugu zake wa jamii ya penisilini zinaua simbilisi. Zinavuruga wadudu wema wa tumboni mwake, anakufa kwa kuhara." Nashukuru nilipiga simu kwanza. Akaja mchana kwa pikipiki, akampima, akachoma sindano ya aina nyingine, akaniambia nimwingize ndani, nimpashe joto, nimlishe uji wa majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Tulimweka kwenye boksi karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Lusajo alikaa naye mpaka usingizi ukamzidi. Maziwa alikufa saa kumi na moja alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa macho, na mimi ndiye niliyemwambia mtoto kulipokucha. Aliniuliza kama ni kwa sababu ya baridi. Nikamwambia ndiyo, baridi na upepo, na kwamba mahali pale nilipachagua mimi.

Tulimzika chini ya mforosadi. Aliyetusaidia kuchimba ni mzee jirani, Mbena wa Njombe, ambaye watoto wote wa mtaani wanamwita Babu. Lusajo alimwamkia shikamoo kwa sauti ya kukwama, naye akaitikia marahaba, akashika jembe bila kuuliza mengi. Alipomaliza alikaa kwenye kigoda akatueleza walivyofuga kwao alipokuwa mdogo. Simbilisi walikaa jikoni, chini, juu ya udongo mkavu, wakizunguka karibu na moto na kujificha nyuma ya kuni. Hakukuwa na kizimba. Mama yake alitupa majani mlangoni nao wakatoka vichakani mwao, yaani uvunguni mwa kitanda cha kuni. "Waliliwa, mjukuu wangu, sikufichi," alimwambia Lusajo. "Lakini hakuna aliyekufa kwa baridi."

Baadaye nilisoma kwamba hata huko Andes desturi ni hiyo hiyo: simbilisi hulala jikoni, karibu na moto, pamoja na watu. Ule mlima niliousikia ulikuwa wa kweli, ila niliuchukua bila nyumba iliyojengwa juu yake. Joto analostarehe nalo mnyama huyu ni kama nyuzi 18 hadi 24, bila unyevu na bila upepo wa moja kwa moja. Joto likizidi sana nalo humuua, jambo ambalo wa Mbeya hatulihofii kama watu wa Kyela.

Chai alibaki peke yake na akanyamaza. Si mnyama wa upweke. Uswisi sheria inakataza kumfuga mmoja tangu mwaka 2008, na nilipomtazama Chai wiki ile nilielewa kwa nini. Babu aliahidi kumtafutia mwenzake kupitia mpwa wake wa Njombe. Nikamwomba asubiri kwanza. Safari hii mnyama asingefika kabla ya kizimba, wala kizimba kisingetengenezwa kabla ya kipimo.

Nilifanya kama ninavyofanya kwa mteja. Niliondoa meza sebuleni, nikamweka Chai sakafuni juu ya shuka kuukuu, nikakaa kimya na chaki ya kushonea mkononi. Jioni tatu mfululizo tulimtazama, mimi na Lusajo. Hakupita katikati ya chumba hata mara moja. Alikimbia kandokando ya ukuta, kwa mstari ulionyooka, akafika kona, akasimama, akarudi. Hakuruka juu, wala hakupanda hata kitabu. Tukajua urefu wa kizimba ndio uhai wake na kimo ni kwa ajili ya paka tu. Alipenda kujificha mahali penye njia mbili. Tukimwekea boksi lenye mlango mmoja aliingia akasita, tukikata wa pili aliingia akalala. Na mkono ukimjia kutoka juu alijibana chini na kuganda, kwa sababu kwa mnyama wa majanini kinachotoka juu ni mwewe. Mkono ukija kwa ubavu, umeshika ukoka, alinusa na kuusogelea.

Nikachora sakafuni kwa chaki: sentimita 150 kwa 60. Hiyo ni mita za mraba 0.9. Wazoefu wanasema wawili wasipewe chini ya 0.7, na kwa kuwa hicho ni kiwango cha chini tu, nikaongeza. Ukuta sentimita 40. Lusajo akalala ndani ya mchoro akasema na yeye anaenea.

Fundi seremala nilimpata Ilomba, mzee wa Kinyakyusa mwenye subira. Aliutazama mchoro akaniuliza kama nataka kitanda cha mtoto. Nilipomweleza, hakucheka, akaanza kuuliza maswali mazuri. Tulibishana jambo moja tu. Yeye alitaka kutumia mbao zenye dawa, zile za kijanikijani, ili zisiliwe na mchwa. Nikakataa. Meno ya simbilisi hayaachi kuota maisha yake yote, kwa hiyo hutafuna kila kitu ili ayapunguze, na ile dawa ingeishia tumboni. Rangi na vanishi ndani nazo tukaziacha. Tukatumia paini tupu, iliyokauka vizuri, kutoka msitu wa Kawetire hapo juu.

Sakafu ni plaiwudi, juu yake kapeti la plastiki la kufutika, la kipande kimoja, lililokunjwa kupanda ukutani sentimita 10 kila upande kama pindo. Hapo ndipo kazi yangu ilipoingia. Mbao ikinyonya mkojo hainuki siku ya kwanza. Inanuka mwezi wa pili, na harufu ile kali inayochoma macho ndiyo inayowaharibia mapafu. Kona ndiyo penye siri. Nilikunja kona kama ninavyokunja bahasha ya mfuko wa koti, bila kukata, ili pasiwe na mshono wa kuvujia. Ukuta wa nyuma na wa pembeni ni mbao nzima, bila tundu hadi juu, kwa ajili ya upepo. Mbele ni wavu wa matundu ya nusu inchi. Fundi aliniuliza kwa nini mdogo hivyo wakati mnyama ni mkubwa, nami sikuwa na jibu zaidi ya panya, wanaoingia usiku kufuata pumba. Jibu la pili lilikuja Septemba.

Mlango wa mbele unafunguka wote kwa upana, kwa bawaba za chini, ili uingize mikono miwili na umnyanyue mnyama kifuani na matakoni, usimvute mguu. Juu kuna kifuniko cha wavu chepesi dhidi ya paka. Miguu ya kizimba ina nusu mita, na kila mmoja umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu, maana siafu wakiingia kwenye kizimba kilichofungwa hakuna pa kukimbilia. Katikati fundi alitengeneza mfereji wa kuchomekea ubao, ili nikitaka nigawe vyumba viwili. Kazi nzima, na vifaa, ilinigharimu 85,000, karibu sawa na vile viwili vya kwanza ukivijumlisha. Nilipomlipa nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akafurahi kuliko alivyofurahia pesa.

Matandiko nayo yalinifundisha. Maranda ya kiwandani ni ya bure au ya bei ndogo, lakini yale mabichi ya paini yenye harufu kali ya utomvu yanawasha koo la mnyama. Nayaanika juani siku nne mpaka harufu ipungue, kisha nayapepeta nitoe vumbi. Unga wa msumeno sitaki kabisa. Unaingia puani na sehemu za siri. Natandika maranda, juu yake nyasi kavu nyingi, unene wa kama sentimita 7. Nilijaribu pia vipande vya blanketi kutoka mezani kwangu. Ni laini na vinafulika, lakini uzi ukichomoka hujizungusha kidoleni na kukata damu, kwa hiyo kila kipande napinda pindo mara mbili kabla hakijaingia. Mkojo natoa kila siku, kona ile ile wanayoipenda, na kizima nasafisha mara moja kwa wiki. Dakika 20, wala sizililii.

Mahali pia palichaguliwa. Si jikoni kwangu, maana natumia mkaa na jiko langu si la Babu, lenye paa la nyasi linalopitisha moshi. Si barazani tena. Ni koridoni, kwenye ukuta wa ndani usioguswa na upepo wa mlango, ambapo mwanga unafika lakini jua halipigi. Wapo karibu na watu, wanasikia sauti zetu, hawashtuki ovyo.

Kuhusu wanachowekewa ndani nitasema machache. Nyasi kavu zisiishe. Majani mabichi kila siku, kwa sababu simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini na akiikosa viungo vinavimba na fizi zinatoka damu. Majani ya viazi mviringo hapana. Pumba yenye ukungu hapana, kwani sumukuvu inawaua upesi kuliko wanyama wengi. Tawi la kutafuna liwe la mforosadi au mtufaa. La mparachichi kamwe, na nasisitiza kwa sababu huku kwetu parachichi za Rungwe zimejaa kila nyumba na watoto wanadhani kila ganda ni chakula. Jani, ganda na gome lake ni sumu kwa simbilisi.

Mwenzake Chai alifika Agosti, jike mweusi, Lusajo akamwita Kahawa. Alikaa kwanza wiki mbili kwenye boksi kubwa chumba kingine tuone kama ana ugonjwa, kisha upande wa pili wa ule ubao, kisha ubao ukatoka. Walinusana, wakazungukana, wakalala nyasi moja. Filimbi zikarudi kuwa mbili.

Katikati ya Septemba, nikijiandaa kwenda Mwanjelwa, Lusajo alipiga kelele kutoka koridoni. Chini ya tumbo la Chai palikuwa na watoto watatu. Watoto wa simbilisi hawazaliwi kama wa panya. Mimba hukaa siku 59 hadi 72, na wanatoka na manyoya, macho wazi, meno mdomoni, na kabla ya siku kwisha wanatembea. Wifi alikosea: Maziwa alikuwa dume. Mmoja wa watoto alikuwa mweupe mwenye baka jeusi, na Lusajo alimtazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniuliza kama anaweza kumshika. Nikamwambia kesho.

Ndipo nikaelewa wavu wa nusu inchi. Kwenye kizimba cha kuku wangedondoka wote watatu sakafuni barazani, usiku, kwenye upepo. Hapa walizunguka chini kwenye nyasi, wakapita katika njia zote mbili za kijumba, na mama yao akiwafuata. Walipofika wiki ya tatu bwana mifugo alikuja kutazama jinsia zao. Yule mweupe ndiye pekee dume, tukarudisha ubao katikati, naye akabaki upande wake akiwaona na kuwanusa wenzake kupitia nafasi ndogo.

Habari ilienea. Mteja wangu mmoja wa Isyesye alikuja na ndoo yenye mfuniko, akitaka majike wawili kwa ajili ya binti yake. Nilikuwa nashona, nikamwambia azungumze na mwenyewe. Lusajo alimwamkia, akatazama ndoo, akaniomba futi. Akaenda nayo koridoni, akarudi na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: 150, 60, 40, waya nusu inchi, sakafu isiwe ya waya, ukuta wa nyuma mzima. Akampa yule mama kwa mikono miwili.

"Ukishatengeneza, mama, tutakuja kuwaleta sisi wenyewe," akasema.

Ilimchukua wiki tatu. Tulikwenda Isyesye Jumapili baada ya ibada, majike wawili wakiwa ndani ya kile kizimba cha waridi, ambacho kwa safari ya nusu saa kinatosha. Lusajo alipima kizimba kipya mwenyewe, akapitisha kiganja kwenye sakafu, akachungulia ukuta wa nyuma dhidi ya mwanga. Kisha akafungua.